Kutu katika Gari Kuukuu na Matayarisho ya Rangi: Mazungumzo kwa Wenye Magari wa Mwingi



Katika mji wa Mwingi, na katika vijiji vilivyo kando ya barabara kuu itokayo Thika kwenda Garissa, gari kuukuu si pambo la uani. Ndilo lichukualo magunia ya ndengu na mtama siku ya soko, ndilo limpelekalo mgonjwa hospitalini usiku, na ndilo liletalo madebe ya maji wakati wa kiangazi. Mwenye gari la namna hiyo pengine aliuza mbuzi na ng'ombe ili alipate, wala hana fedha za kununua jingine. Kwa hiyo aonapo rangi imevimba na doa jekundu limetokea chini ya mlango, hilo si neno la urembo tu. Ni neno la mali yake, na huenda likawa neno la maisha ya watu wapandao gari lake.

Watu wengi hudhani ya kuwa dawa ya kutu ni rangi. Hudhani hivyo kwa sababu rangi huonekana na kutu hujificha. Lakini rangi haiponyi kutu; huifunika tu, na chini ya kifuniko hicho kutu huendelea kula. Katika kazi hii siku nyingi hupita katika kukwangua, kusafisha na kusawazisha, na saa chache tu katika kupaka. Mtu akiifahamu kanuni hiyo, aweza kufanya sehemu kubwa ya kazi nyumbani kwake kwa vyombo vichache na kwa uvumilivu.

KUTU NI NINI

Kutu hutokea pale chuma, maji na oksijeni iliyo hewani vinapokutana. Kimojawapo kikikosekana, kutu haipatikani. Chumvi ikiingia kati yao, kazi ya uharibifu huenda mbio zaidi. Tena kutu huchukua nafasi kubwa kuliko kile chuma kilicholiwa. Ndiyo sababu rangi huvimba kama lengelenge kabla ya tundu kuonekana. Wala kutu haikilindi chuma kilicho chini yake, maana humeguka na kufungua njia ya maji kuingia ndani zaidi.

Huenda mtu akauliza: Mwingi ni nchi kavu, kutu yatoka wapi? Sababu ni tatu. Kwanza, magari mengi hayakuzaliwa Mwingi. Mengine yalitumika miaka mingi Mombasa, ambako hewa ya bahari ina chumvi. Mengine yametoka Japani, na katika sehemu za kaskazini za nchi hiyo barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji. Kanuni za Kenya hukataza kuingiza gari lililozidi umri wa miaka minane, lakini miaka minane yatosha chumvi kuanza kazi yake. Basi gari laweza kufika Ukambani likiwa linang'aa, na huku limebeba ugonjwa tumboni.

Sababu ya pili ni udongo. Mvua za Oktoba hata Disemba, na zile za Machi hata Mei, hujaza mito ya mchanga, na gari likivuka hujaa tope ndani ya vizingiti vya milango na nyuma ya madigadi. Jua huukausha udongo ulio nje, lakini ule ulio ndani hukaa na unyevu siku nyingi, kama kitambaa kibichi kilichofungwa juu ya chuma. Sababu ya tatu ni maji yenyewe. Visima vingi vya Kitui vina maji ya chumvi, na mwenye kuosha gari kwa maji hayo kila juma huliongezea adui yake nguvu bila kujua.

KUPIMA UGONJWA KABLA YA DAWA

Magari hayafanani. Peugeot 404 ilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1963, kisha mwaka 1966, 1967 na 1968; na ndugu yake 504 ikashinda mwaka 1975 na 1978. Magari hayo yalipata sifa kubwa kwa kubeba abiria na mizigo katika njia mbaya. Lakini gari la namna hiyo, kama zilivyo gari ndogo nyingi za siku hizi, halina fremu ya chuma iliyo mbali na bodi. Bodi yenyewe ndiyo mifupa yake. Vizingiti vya milango na sakafu vikiliwa, gari limevunjika mgongo, hata kama injini yake yaimba vizuri.

Land Rover za kale, zilizoanza kutengenezwa mwaka 1948, zina hali nyingine. Bodi yake kwa sehemu kubwa ni ya alumini, ambayo haipati kutu nyekundu. Lakini chesisi yake ni ya chuma, nayo huoza kutoka ndani. Tena pale alumini inapogusana na chuma penye unyevu, alumini huliwa na kuwa unga mweupe. Basi mwenye Land Rover asijivunie bodi. Na alale chini ya gari atazame chesisi.

Kupima ni kazi rahisi. Gari lioshwe chini mpaka tope lote litoke, kisha liachwe likauke. Nyundo ndogo igongwe polepole juu ya bati: bati zima hulia kwa sauti kali, na bati lililooza hutoa sauti ya kufa. Ncha ya bisibisi isukumwe mahali penye shaka. Ikizama, hapo hapana chuma tena. Kisha sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa ipitishwe juu ya bodi. Ikikataa kushika, chini yake pana puti nyingi iliyowekwa na mtu aliyetangulia. Kwa sumaku hiyo hiyo mnunuzi mwenye busara hulipima gari kabla hajatoa fedha zake.

Baada ya kupima, kutu igawanywe sehemu tatu. Ipo kutu ya juu, ambayo ni wekundu tu. Ipo kutu ya vishimo, ambayo imeanza kuchimba. Na ipo kutu ya tundu, ambayo imelimaliza bati. Mbili za kwanza zaweza kutibiwa nyumbani. Ya tatu yahitaji bati jipya.

KAZI ISIYOFAA KUFANYIWA NYUMBANI

Yafaa jambo hili lielezwe waziwazi. Tundu likiwa katika chesisi, katika kizingiti cha mlango, mahali springi zinaposhikia, au mahali mikanda ya usalama ilipofungwa, kazi hiyo ni ya fundi ajuaye kuchomelea. Ukambani ni nchi ya mafundi tangu zamani, na wafua chuma wake walijulikana kabla ya motokaa kufika. Mafundi wa siku hizi wa jua kali, ambao Serikali ya Kenya iliandika waraka wa sera kwa ajili yao mwaka 1992, hawakosekani katika miji ya soko. Lakini na achaguliwe fundi akubaliye kazi yake itazamwe kabla ya kufunikwa kwa rangi. Fundi mwaminifu haogopi kuonyesha mshono wake.

Bati lililooza likatwe mpaka kwenye chuma kizima, na kiraka kiwe cha bati la chuma lenye unene kama ule wa bati la gari. Kipande cha bati la kuezekea nyumba hakifai. Ni chembamba, na madini ya zinki yaliyopakwa juu yake hutoa moshi mweupe yakichomwa, na mtu auvutaye hushikwa na homa. Wala karatasi, saruji na puti havifai kuziba tundu. Kiraka cha namna hiyo hudumu mpaka mvua ya kwanza, kisha huanguka na kuacha tundu kubwa kuliko la kwanza.

Kabla ya kuchomelea, betri ifunguliwe waya zake, na viti na mazulia yaliyo karibu yatolewe. Ikiwa kazi iko karibu na tangi la petroli, tangi liondolewe lipelekwe mbali. Tangi tupu ni la hatari kuliko lililojaa, maana mvuke wa petroli uliobaki ndani ndio ulipukao. Na gari lililoinuliwa lisiachwe juu ya jeki peke yake wala juu ya mawe. Liwekewe vigingi vya chuma vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo.

KUONDOA KUTU

Kazi ya kwanza ni kuosha kwa sabuni, wala si kupiga msasa. Mafuta yaliyo juu ya rangi, yakipigwa msasa, huingizwa ndani ya mikwaruzo, na rangi mpya haitashika. Bati likisha kukauka, lipanguswe kwa kitambaa safi chenye thina, na kingine kikavu kifuate mara moja nyuma yake kabla thina haijakauka.

Kisha kutu ikwanguliwe kwa kikwangua na kwa brashi ya waya, na baadaye kwa msasa wa namba 80, mpaka chuma cheupe kitokee. Asikome kwenye ukingo wa doa linaloonekana. Apite upana wa vidole vitatu kila upande, kwa sababu mara nyingi kutu imekwisha kutambaa chini ya rangi iliyo nzima kwa macho.

Vishimo vidogo havifikiwi na msasa. Hapo hutumika dawa ya kuondoa kutu yenye asidi ya fosforiki, ambayo huigeuza kutu iliyobaki. Itumiwe kwa kufuata maandishi ya mkebe wake, mikono ikiwa na glavu na macho yakiwa na miwani. Wako watu watumiao maji ya betri kwa kazi hii. Si vema. Asidi hiyo huunguza ngozi na macho, tena huacha juu ya chuma chumvi zinazoleta kutu upya.

Hapa ndipo maji ya Mwingi yanapotakiwa kuangaliwa sana. Chumvi ikibaki juu ya chuma, kisha ikafunikwa kwa rangi, huvuta unyevu kupitia katika rangi ile ile, na baada ya muda malengelenge huota. Mtu atalaumu rangi, atamlaumu mwenye duka, na kumbe kosa lilikuwa ndani ya ndoo. Kuna njia nyepesi ya kuyapima maji: tone moja liwekwe juu ya kioo kisafi, liachwe likauke juani. Likiacha duara jeupe, maji hayo yana chumvi au chokaa. Yaweza kutumika kuondolea tope, lakini suuzo la mwisho lifanywe kwa maji safi ya mvua yaliyokingwa kutoka paani na kuwekwa katika tangi. Debe moja la maji ya mvua, likitumiwa kwa kitambaa na kwa kiasi, latosha sehemu kubwa ya gari.

Chuma kilichosafishwa hakingoji. Unyevu wa usiku mmoja watosha kukirudishia wekundu. Kwa sababu hiyo mtu asikwangue gari zima kwa siku moja. Na afanye mlango mmoja au madigadi moja, na siku hiyo hiyo apake praima. Praima ya epoksi ndiyo bora juu ya chuma kitupu, kwa kuwa huzuia maji. Praima ya kawaida ya kijivu si hivyo. Ni kama chungu kisichopakwa kitu, hupitisha maji. Gari litembealo miezi na miezi likiwa la kijivu, hali mwenyewe yungali akitafuta fedha za rangi, laota kutu mpya chini ya kijivu hicho.

PUTI NA MSASA

Puti ni ya kusawazisha mabonde madogo, si ya kujenga ukuta. Unene wa milimita tatu watosha. Bonde likizidi hapo, bati linyooshwe kwanza kwa nyundo. Wala puti isiwekwe juu ya kutu, maana yenyewe hunyonya maji.

Dawa ya kugandisha huchanganywa kwa kipimo cha karibu sehemu 2 kwa 100 za puti. Katika joto la Mwingi puti huganda upesi, na mtu hushawishika kupunguza au kuzidisha dawa bila kipimo. Ikipungua, puti haikauki vema. Ikizidi, doa hupenya na kuonekana katika rangi ya juu. Lililo jema ni kuchanganya kidogo kidogo, kiasi cha kujaa kiganja, na kufanya kazi asubuhi umande ukisha kuondoka, chini ya kivuli.

Ikikauka, puti ipigwe msasa mkavu wa namba 80 uliozungushiwa kipande cha ubao ulionyooka, kisha namba 180. Mkono mtupu hufuata mabonde, ubao huyafichua. Baada ya praima, rangi nyeusi ipulizwe nyepesi sana juu yake, kama ukungu tu, kisha msasa wa maji wa namba 400 upitishwe. Mahali palipobaki peusi ni bonde. Mahali palipotokea bati ni kilima, na praima irudishwe hapo. Mwisho upitishwe msasa wa namba 600. Kidole kikipita kwa macho yaliyofumbwa bila kukwama mahali, gari liko tayari kwa rangi.

Vioo, taa na mipira ya milango vifunikwe kwa karatasi na utepe. Na mahali pachaguliwe kwa akili. Miezi ya Januari na Februari, na ile ya Juni hata Septemba, haina mvua nyingi, lakini ina upepo na vumbi. Ardhi inyunyiziwe maji yasiyofaa kazi nyingine ili vumbi litulie. Gari lisiwekwe chini ya mti, kwa ajili ya ndege na utomvu. Wala rangi isipakwe juu ya bati lililochomwa na jua la adhuhuri, maana hukauka kabla ya kutandaa.

MAPAFU NA WATOTO

Gari laweza kutengenezwa tena. Pafu la mtu halitengenezwi. Rangi za kale mara nyingi zilitiwa madini ya risasi, na vumbi lake hudhuru akili za watoto wadogo hata likiwa dogo. Kwa hiyo rangi ya kale isichomwe kwa moto. Ipigwe msasa ikiwa imeloweshwa, isipokuwa penye puti au chuma kitupu. Watoto na mama wajawazito wakae mbali. Takataka zikusanywe zikiwa mbichi, wala zisifagiliwe uani kuku wanapodonoa. Mwenye kazi avae barakoa ya vumbi, na avue nguo za kazi kabla ya kumbeba mtoto.

Zaidi ya hayo, zipo rangi za kung'aa sana zichanganywazo na dawa ya kukazia yenye kemikali ziitwazo isosianati. Mvuke wake waweza kumpa mtu pumu ya maisha. Kitambaa kilichofungwa puani hakimsaidii hata kidogo. Hutakiwa barakoa iletayo hewa safi kutoka nje. Basi rangi za namna hiyo zisipulizwe nyumbani. Mwenye gari na afanye matayarisho yote, kisha alipeleke gari kwa mpakaji mwenye vifaa. Hatakuwa amepoteza kitu, maana sehemu kubwa ya kazi, ile ichukuayo siku nyingi, amekwisha kuifanya.

SHERIA NA UAMINIFU

Rangi ya gari imeandikwa katika hati yake ya usajili. Mtu akitaka kuigeuza, kama kutoka nyeupe kuwa ya buluu, imempasa kuijulisha Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Asipofanya hivyo, gari na hati havitapatana, na njiani atashukiwa kuwa mwizi wa mali yake mwenyewe.

Kuna jambo la pili, ambalo polisi hawalioni kwa urahisi. Anayeziba kizingiti kilichooza kwa puti, akakipaka rangi nzuri, kisha akaliuza gari, amemuuzia mwenziwe hatari iliyofungwa kwa kitambaa kizuri. Siku gari hilo litakapogongwa, watakaoumia ni watu wasiojua kitu. Katika mji mdogo, ambapo muuzaji na mnunuzi hukutana tena sokoni, kanisani na msikitini, jina jema ni mali kuliko bei ya gari.

KULINDA KAZI ILIYOKWISHA

Kazi ikiisha, ulinzi waanza. Chini ya kila mlango yamo matundu madogo ya kutolea maji; yazibuliwe kwa kijiti kila baada ya mvua. Ndani ya vizingiti, rangi ikisha kukauka sawasawa, inyunyizwe nta au mafuta safi ya kuzuia kutu. Oili chafu ya injini isitumiwe, maana ina sumu, tena hulainisha mipira. Gari livukapo mto wa mchanga, tope la chini litolewe mapema. Na jiwe likibandua rangi mahali padogo kama punje ya mtama, pakwanguliwe na kupakwa juma lile lile.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mwenye gari kuukuu maneno hayo ni hesabu ya fedha: doa la leo ni kazi ya asubuhi moja kwa kipande cha msasa na kijiko cha praima, na doa hilo likiachwa misimu miwili ya mvua litadai bati, fundi na moto. Asiyeweza kumaliza gari zima mwaka huu na amalize mlango mmoja, lakini aumalize mpaka chuma cheupe. Mlango huo mmoja utadumu. Gari zima lililopakwa rangi juu ya kutu halitaimaliza mvua ya Novemba.